Kabla hujaifuta Linux yako kwa kuwa nzito, iulize diski kwanza

Wiki iliyopita kaja maalim mmoja hapa dukani Chake Chake, anasomesha skuli ya sekondari huko upande wa Micheweni, kaiweka laptopu juu ya meza na hata kukaa hajakaa, kasema, "Nifutieni hii Linux, nirejesheeni Windows, mie imenishinda." Tukamwambia karibu maalim, kaa kwanza, hebu tueleze inafanya nini khasa. Akasema ikiwashwa inachukua dakika sita saba mpaka ifunguke, akifungua faili la alama za wanafunzi anangoja, akiandika anangoja, na kubwa zaidi ni kuwa mara nyengine inaganda yote, mausi haiendi, saa ya pale pembeni haisogei, kama nusu dakika hivi, halafu inaendelea kama hapana lililotokea.

Hiyo nusu dakika ndiyo iliyotufanya tuache kazi zote tulizokuwa nazo mkononi. Swali la kwanza tulilomuuliza halikuwa la Linux wala la Windows, tulimuuliza, "Maalim, hizi kazi zako unayo kopi pahala pengine?" Akanyamaza. Hana. Alama za miaka mitatu, mitihani aliyoitunga mwenyewe, picha za harusi ya binti yake, vyote vimo humo humo kwenye diski moja.

Tumeona tuyaandike haya kwa sababu mashine za namna hii tunaletewa kila mara, na wengi wakija wameshahukumu kuwa kosa ni la Linux, na wengine wameshapita kwa mtu akawafutia akawapigia upya, wakarudi nyumbani na mashine nzito vile vile na mafaili yao hayapo tena. Inauma sana kumwambia mtu kuwa kilichopotea kilikuwepo juzi. Diski mbovu ukiipigia Windows inabaki mbovu, ukiipigia Ubuntu mpya, aina moja ya Linux, inabaki mbovu. Na Linux ina wema mmoja mkubwa ambao watu hawaujui, kila inaposumbuliwa na diski inaandika, tarehe na saa na jina la diski, ni wewe tu kwenda kusoma.

Kwa nini nusu dakika? Keneli ya Linux, yaani kiini chake kinachozungumza na vifaa, ikiiomba diski kitu inaisubiri sekunde 30, ndivyo ilivyopangwa toka kiwandani kwake, diski isipojibu inakata, inaiamsha upya njia ya SATA, ile inayounganisha diski na bodi, inaomba tena. Na diski yenyewe ikikutana na sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha kuwekea data kilichoharibika, inarudia rudia kuisoma kabla haijakubali kuwa imeshindwa. Wewe uliyekaa mbele ya skrini unachoona ni mashine imeganda. Kwa hiyo ukiona kuganda kwa aina hii acha kujaribu jaribu mambo, usizime na kuwasha mara kumi, usishushe programu ya kusafisha, na kubwa kuliko yote usipige fsck, ile amri ya kurekebisha mpangilio wa mafaili, wala usiformati. Kopi kwanza, vile vyenye thamani kuliko vyote, halafu ndiyo tuzungumze.

Sasa pa kusoma ni hapa. Fungua teminali, andika:

sudo dmesg -T | grep -iE "ata|sda"

Itatoka mistari mingi na mingi yake ni ya kawaida isikutishe. "SATA link up 6.0 Gbps" ni kheri, "configured for UDMA/133" ni kheri. Ya kushtukia ni "failed command: READ FPDMA QUEUED", na "hard resetting link", na "I/O error, dev sda, sector" ikafuatiwa na namba, na "limiting SATA link speed to 1.5 Gbps". Huu wa mwisho watu wanaufahamu vibaya, wanasema aa kumbe njia imebanwa ndiyo maana, wanatafuta amri ya kuifungua. Hebu fikiria, njia ya 1.5 Gbps inapitisha karibu MB 150 kwa sekunde na diski nyingi za kuzunguka hazifiki hata hapo, kwa hiyo kubanwa kwa njia peke yake hakuwezi kukufanya ungoje dakika sita. Keneli imepunguza mwendo kwa sababu maneno yanaifikia yamekatika katika, kama vile unazungumza na mtu kwenye simu mtandao mbovu unamwambia sema taratibu. Kitafute kinachokata maneno.

Na hapa kwetu visiwani kinachokata maneno mara nyingi ni waya. Tuliletewa kompyuta ya mezani kutoka Mkoani, mwenyewe ana duka karibu na bahari na upepo unaingia mlangoni moja kwa moja, anatumia Ubuntu kwa hesabu zake na risiti. Malalamiko ni yale yale, nzito, inaganda. Tukafungua kasha, ule waya mwekundu wa SATA ukiugusa tu unacheza, na vile vidole vya shaba kwenye kichwa chake vimeshaingia rangi ya kijani. Chumvi ile. Mtu ana fikra kuwa kutu ni ya mabati na baiskeli tu lakini hewa ya pwani inakula kila chuma kilicho wazi, na kompyuta ya mezani ina feni inayovuta hewa hiyo ndani kutwa nzima. Tukabadilisha waya, tukasafisha sehemu ya diski unapoingia kwa spiriti ya kusafishia na mswaki laini, mashine ikarudi kuwa mashine. Waya wenyewe ni kitu cha bei ndogo, na yule bwana alikuwa ameshaambiwa anunue kompyuta mpya.

Siku ya pili akapiga simu ana wasiwasi, kaangalia ile namba tuliyomuonesha na ipo vile vile haijashuka. Tukamwambia namba ile haishuki maisha, inahesabu tu, cha kutizama ni kama inapanda. Haikupanda tena.

Namba gani hizo? Hapa ndipo pazuri, twende taratibu. Kila diski ina daftari lake la afya ndani linaitwa SMART, inajiandikia wenyewe. Unalisoma hivi:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Kama hujui diski yako inaitwa nani andika lsblk itakuonesha, nyingi ni sda, zile mpya za NVMe zinaitwa nvme0n1 na daftari lao limepangwa kwa namna nyengine kidogo. Utaona jedwali refu, usilisome lote, nenda safu ya mwisho kulia iliyoandikwa RAW_VALUE na utafute mistari michache. Mstari wa 5, Reallocated_Sector_Ct, hizo ni sekta zilizokufa diski ikazihamishia kwenye akiba yake. Zikiwa mbili tatu na haziongezeki unaweza kuishi nazo huku ukiwa na bakapu, zikiwa zinapanda wiki hata wiki hiyo inaaga. Mstari wa 197, Current_Pending_Sector, huu ndio tunaouogopa kuliko wote, ni sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma imeshindwa na bado haijui izifanyeje, na ndizo zinazokugandisha kila ukizipita. Mstari wa 198 ni nduguye. Halafu 199, UDMA_CRC_Error_Count, hiyo ndiyo ya waya, ndiyo aliyokuwa nayo bwana wa Mkoani, 5 na 197 zake zilikuwa sifuri kabisa na 199 ilikuwa imepita elfu mbili. Ushafahamu tofauti? 199 ikipanda na hizo nyengine ni sifuri basi usinunue diski, nunua waya. Laptopu nyingi hazina waya, diski inajichomeka moja kwa moja kwenye bodi au kwa utepe mfupi, hapo inatolewa inasafishwa vidole vyake inarudishwa na kukazwa sawa sawa.

Mstari wa 9 unakwambia diski imewaka jumla ya saa ngapi maisha yake yote. Saa 17,520 ni miaka miwili kamili bila kuzimwa, na tunaletewa diski za mitumba zimeshapita hapo mara mbili, mnunuzi kaambiwa laptopu imetumika kidogo. Mstari wa 194 ni joto, diski nyingi za kuzunguka kiwanda kinaziruhusu mpaka nyuzi 60, lakini msimu wa kaskazi chumba hakina feni na laptopu imewekwa juu ya godoro, 50 na kitu unaifikia bila shida na haifai kukaa huko.

Kitu kimoja tafadhali kishikeni. Juu ya jedwali pameandikwa matokeo ya jumla na mara nyingi utakuta PASSED. Watu wanaona PASSED wanafurahi wanafunga. Laptopu ya maalim ilikuwa na PASSED na mstari wa 197 una sekta 312. PASSED maana yake ni kuwa diski haijavuka ule mpaka ambao kiwanda kimeuweka na mpaka wenyewe uko mbali sana, haina maana kuwa ni nzima. Soma namba, usisome hilo neno.

Kama teminali inakutia hofu basi kwenye Ubuntu na Mint kuna programu inaitwa Disks, ifungue, chagua diski, bonyeza vile vidoti vitatu juu utaona sehemu ya SMART humo, namba ni hizo hizo na rangi zake.

Na ukitaka kujua mwendo usitegemee hisia, upime. Funga programu zote, ngoja mashine itulie, halafu:

sudo hdparm -tT /dev/sda

Irudie mara tatu, mara moja inaweza kukudanganya. Mstari wa kwanza wa cached reads usikushughulishe, hiyo ni kasi ya RAM, memori ya muda ya kompyuta, na prosesa, tizama wa pili. Diski ya laptopu ya mizunguko 5400 kwa dakika ikikupa baina ya MB 70 na 110 kwa sekunde iko sawa, ya mezani ya 7200 inacheza 100 mpaka 150 na mpya zaidi zinapita hapo, SSD ya SATA, diski isiyo na kitu cha kuzunguka, inakwenda 500 na kidogo. Ikikupa namba nzuri mara zote tatu na bado mashine ni nzito basi tatizo huenda siyo diski, nitakuja hapo. Ikiyumba, mara 80 mara 9, ina lake jambo. Ya maalim ilitoa 4, halafu 61, halafu 3 hata haikufika.

Kipimo chengine tunachokipenda sana kwa sababu kinakata mabishano, washa mashine kwa fleshi ya Linux Mint bila kuipiga, ile ya kujaribia, halafu pima diski ya ndani ukiwa humo. Ikiwa nzito hata humo basi Linux yako uliyoipiga haina hatia, ni chuma. Ikiwa ya kasi humo na nzito ukirudi kwako, basi kuna kitu ndani ya mfumo wako kinaikalia.

Sasa hicho kinachoikalia. Hapa mara nyingi jibu ni RAM, na watu hawaamini kwa sababu wao wanaona taa ya diski ndiyo inayowaka bila kupumzika. Laptopu ya GB 2 au 4, umefungua brauza tabu kumi na tano, YouTube, WhatsApp ya kwenye kompyuta, na LibreOffice juu yake, RAM inajaa, Linux inaanza kuhamisha vitu kwenda kwenye diski, ndiyo swapu hiyo. Na diski ya kuzunguka ukiigeuza kuwa RAM unaionea. Sisi watu wa Pemba tunafahamu upesi kwa karafuu. Mchumaji ukimpa mkarafuu mmoja ulioshika vizuri anapanda mara moja anachuma mpaka anajaza pakacha, lakini mwambie achume kikonyo kimoja kila mti shamba zima, apande ateremke apande ateremke, kutwa nzima pishi moja hajapata na wala hakukaa hata dakika. Diski ndivyo ilivyo. Kusoma faili moja refu inakupa MB 100 kwa sekunde, lakini ukiirusha huku na huku kichwa chake kinatembea na sahani inasubiriwa izunguke, kila kituo takriban milisekunde 15, kwa hiyo vituo 60 au 70 kwa sekunde basi, na kila kituo inachukua KB 4 tu, piga hesabu unapata chini ya KB 300 kwa sekunde. Diski ni ile ile, nzima, haina ugonjwa. Ndiyo maana SSD inabadilisha mashine ya zamani mpaka mwenyewe anashangaa, kwa sababu SSD haina kichwa cha kutembeza.

Kuangalia andika free -h, tizama mstari wa Swap, kama umetumika sana na ile available ya juu imebaki kidogo ndiyo hilo. Au vmstat 1 uangalie safu za si na so, zikikaa zinatoa namba kubwa mfululizo mashine inahema. Dawa ni kuongeza RAM kama bodi inakubali, na kama haikubali kuna zram, inabana vitu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvitupa kwenye diski, kwenye Debian na Ubuntu unaipata kwa sudo apt install zram-tools. Tumeiweka kwenye mashine nyingi za GB 4 za wanafunzi na inasaidia kweli kweli. Wanaosema weka swappiness 10 badala ya 60 na mambo yataisha, inasaidia kidogo, haiongezi RAM.

Kama RAM ipo ya kutosha, sudo iotop -o itakuonesha nani khasa anaandika au kusoma wakati huo. Mara nyingi utakuta ni ile programu inayopitia mafaili yako kuyawekea fahirisi ya kutafutia, kwenye GNOME ilikuwa inaitwa Tracker na toka 2024 inaitwa LocalSearch, na kwenye KDE inaitwa Baloo, au ni apdeti zinashuka wenyewe nyuma. Hizo ziache zimalize, iache mashine imewaka usiku mmoja kwenye umeme. Na utizame df -h pia, diski iliyojaa asilimia 97 inaandika kwa shida kwa sababu inatafuta nafasi vipande vipande, tumekuta mashine ina GB kadhaa za logi tu, zile kumbukumbu mfumo unazojiandikia, sudo journalctl --vacuum-size=200M ikazipunguza.

Diski za nje na fleshi ni mlango mwengine kabisa, na hapa wanaoumia zaidi ni wapiga picha za harusi, vijana wetu hawa wanaofanya kazi mpaka alfajiri. Kwanza poti. lsusb -t inakuonesha kila kifaa kimeshikwa kwa mwendo gani, ukiona 480M hiyo ni USB 2.0 na hutopata zaidi ya MB 30 mpaka 40 kwa sekunde hata diski iwe ya dhahabu, ukiona 5000M ndiyo USB 3. Mara nyingi ni kuhamisha tu waya kutoka poti nyeusi kwenda ya buluu, au waya wenyewe ni wa zamani. Pili, diski ikiwa imeformatiwa NTFS kwa ajili ya Windows, Linux nyingi zinaifungua kwa ntfs-3g ambayo inapita nje ya keneli na inakula prosesa, kwenye mashine dhaifu unaona kabisa mount.ntfs iko juu kwenye top. Toka keneli 5.15 ya mwaka 2021 kuna njia mpya ya ndani inaitwa ntfs3 na ni nyepesi zaidi. Ila kama diski hiyo hutoipeleka kwenye Windows iformati ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux wenyewe, upumzike, bila shaka baada ya kutoa vilivyomo. Tatu, kuna diski kubwa za nje za bei nafuu ambazo zinaandika kwa mtindo wa SMR, mistari imepandiana kama vigae vya paa, ukizijaza video za GB 200 zinaanza vizuri halafu zinashuka mpaka MB chache kwa sekunde, na hapo hapana amri ya Linux ya kuzirekebisha, zinafaa kuweka bakapu, hazifai kufanyia kazi ya kuhariri.

Na fleshi. Hili tunaliomba sana. Unakopi filamu ya GB 1 kwenda kwenye fleshi, mstari unakimbia mpaka mwisho upesi halafu unasimama hapo hapo dakika tatu, au umeshafungika kabisa, wewe unaichomoa. Linux inapokea kwanza kwenye RAM halafu ndiyo inamimina kwenye fleshi polepole, kwa kawaida inaruhusu mpaka asilimia 20 ya memori iliyo wazi ijae data ambayo bado haijaandikwa, kwenye mashine ya GB 8 hiyo inaweza kupita GB 1. Maana yake ulipoona imemaliza ilikuwa imemaliza kuipokea tu. Ukichomoa hapo umebeba faili nusu, na siku moja utabeba fleshi iliyovurugika yote. Andika sync kwenye teminali na usubiri irudi, au bonyeza ile alama ya kutoa fleshi ungoje ikwambie tayari. Ni dakika tatu tu, zingoje.

Hayo mengine nitayapita haraka. Mwenye SSD iliyoanza kuwa nzito apige sudo fstrim -av, inayoiambia SSD nafasi zipi zimeshaachwa wazi, na aangalie kama fstrim.timer inafanya kazi, Ubuntu inaiwasha yenyewe kila wiki. Mwenye mashine ya zamani sana aingie BIOS atizame kama SATA iko kwenye IDE, mtindo wa zamani, badala ya AHCI, lakini kama una na Windows humo humo usibadilishe bila kuuliza, inaweza kukataa kuwaka. Diski iliyogawiwa zamani ikaanzia sekta ya 63 badala ya 2048 inaandika kwa uzito kwenye diski za kisasa za sekta za KB 4, sudo fdisk -l inakuonesha hiyo namba ya Start.

Umeme nao. Toka 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na wanaokumbuka siku za majenereta ya Wesha wanajua tofauti yake. Lakini kuzimika ghafla bado kupo, na diski ya kuzunguka ikikatiwa umeme inarudisha kichwa chake kwa dharura, mstari wa 192 kwenye SMART unahesabu mara hizo. Ext4 ina daftari lake linalolinda mpangilio wa mafaili usivurugike, ila kile ulichoandika sekunde chache kabla na bado kiko kwenye RAM kimekwenda. Mwenye kompyuta ya mezani ya biashara asikae bila UPS, kile kisanduku cha betri ya dharura, hata ndogo ya kumpa dakika tano za kuzima kwa utaratibu.

Turudi kwa maalim. Diski yake hatukuigusa kwa fsck wala kwa kitu chengine, tuliitoa, tukaichomeka kwenye mashine yetu bila kuifungua, tukaifanyia kopi nzima kwenda kwenye diski kubwa kwa ddrescue, ambayo kwenye Ubuntu inapatikana kwa jina la gddrescue:

sudo ddrescue -n /dev/sdb /media/bakapu/maalim.img /media/bakapu/maalim.map

Uzuri wake ni kuwa inachukua kwanza yote yanayotoka kwa urahisi, sehemu mbovu inaziruka na kuziandika kwenye lile faili la map, halafu mzunguko wa pili ukiongeza -d -r3 badala ya -n inarudi kuzibembeleza zile mbovu peke yake, na hata umeme ukizima inaendelea ilipofikia. Hakikisha sana jina la diski unayosoma kabla hujabonyeza enta, sdb yetu siyo lazima iwe sdb yako. Diski ilikuwa ya GB 500, ilikwenda usiku kucha na siku ya pili mpaka baada ya alasiri. Kilichoshindikana ni chini ya MB 1 na kiliangukia kwenye picha mbili za harusi. Alama zote zimo, mitihani yote imo. Tukamuwekea SSD, tukampigia Mint ile ile aliyokuja akitaka ifutwe, inafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti, na tukamnunulisha na diski ya nje ya bakapu kabla hajatoka mlangoni.

Kupima hatuchukui pesa, njoo tukusomee hizo namba mbele yako na wewe ukiziona. Ukija lete chaja, lete na neno lako la siri la kuingilia, na kama una diski ya nje yenye nafasi kuliko ile inayoumwa ije nayo. Walioko Wete, Konde na Mkoani wanaotuma kwa gari, ifungeni kwa nguo au sponji, zima kabisa, usiiache imelala (suspend) tu. Na kama diski inatoa sauti ya kugonga, tk tk tk, basi usiiwashe tena hata kwa kumuonesha mtu, ilete hivyo hivyo imezimwa.